Maswali ya Wasomaji: Uzi wa plastiki ukitoka mweupe kama maziwa, mwanga unatuambia nini?

Mwezi huu meza yangu imejaa watu wa plastiki, sijui kuna nini. Barua ya kwanza ndefu nimeipunguza kidogo, nyingine ziko kama zilivyokuja.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nipo Mbagala, nina kamashine kangu ka skrubu moja ka kutengeneza peleti (punje za plastiki). Nanunua nailoni za kufungia mizigo kutoka magodauni, zile zisizo na rangi, naosha, nasaga, navuta uzi, nakata. Mteja wangu anapuliza viriba vya miche, sasa analalamika peleti zangu zinatoa filamu yenye macho macho (vinundu vidogo vidogo) na inachanika. Mimi nilichokiona ni kwamba siku nyingine uzi unatoka kwenye mashine kama kioo, siku nyingine kama maziwa, na mashine ni ileile na joto lilelile. Kuna kijana wa chuo kaniambia huko Ulaya wanapitisha leza kwenye plastiki ikiwa bado imeyeyuka ndani ya mashine, wanajua imechanganyika vipi. Ni kweli au ananipiga fiksi?

JIBU: Marahaba mzee wangu. Kijana hajakupiga fiksi, ipo hiyo na wala sio mpya, watu wako nayo toka miaka ya tisini huko. Ila kabla hatujafika kwenye leza ngoja nikwambie wewe mwenyewe tayari unaifanya hiyo kazi kwa macho, tatizo ni kusoma unachokiona.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, tia maji, tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula. Mafuta yanakaa juu, unaona mpaka upande wa pili, hakuna shida. Sasa ifunge uitikise kwa nguvu kama dakika moja hivi. Imekuwa nyeupe. Hujaongeza kitu, maji yaleyale mafuta yaleyale na hakuna hata kimoja kati yao chenye rangi nyeupe, ila yale mafuta yamekatika matone madogo madogo na kila tone linaupinda mwanga kidogo unapoingia na unapotoka, kwa sababu mafuta na maji havipindi mwanga sawa. Ukikutana na matone laki na laki njiani mwanga unapotea njia kabisa, unarudi kila upande, jicho linasema nyeupe. Ndo maana tui la nazi ni jeupe wakati mafuta ya nazi yaliyotoka humohumo ni maangavu. Huko ndiko kutawanyika kwa mwanga, hakuna uchawi mwingine.

Rudi kwenye plastiki. Nailoni yako ya mtaani ni polithini, PE. Ikiwa baridi ni ya ukungu ukungu kwa sababu ya fuwele zake za ndani, lakini ikiyeyuka zile fuwele zinakufa zote na PE safi isiyo na rangi inakuwa angavu kabisa kama kioo. Kwa hiyo simama pale mdomoni, kwenye dai, angalia sentimita mbili tatu za kwanza za uzi kabla haujaingia kwenye beseni la maji, weka kitambaa cheusi nyuma na tochi ubavuni. Ukiwa angavu, hakuna kitu kigeni kingi ambacho mwanga unaweza kukiona (hayo maneno ya mwisho nitayarudia, yana mtego). Ukiwa mweupe palepale ungali moto, kuna kitu humo ndani ambacho sio PE.

Ni kitu gani sasa? Kila plastiki ina kiwango chake cha kupinda mwanga. Kwa namba za kawaida, ikiwa ngumu, PE inacheza 1.51 mpaka 1.54, PP (polipropilini) kama 1.49, PET (ya chupa za maji) karibu 1.57, polistairini 1.59. Namba zikiachana mwanga unatawanyika sana, zikikaribiana hautawanyiki. Polistairini ndani ya PE inapiga kelele, hata kidogo tu inaonekana. Na najua unavyoosha, una tangi la maji, kinachozama unatupa kinachoelea unachukua, PET na polistairini ngumu zote zinazama kwa hiyo unajiona uko salama. Lakini ile foamu nyeupe ya kwenye maboksi ya TV na friji nayo ni polistairini na INAELEA, imejaa hewa. Magodauni yanayouza nailoni za kufungia mizigo ndo haohao wanaofungua TV. Mimi ningeanza kumshuku huyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mshukiwa wa pili ni nailoni ya kweli. Samahani hapa lugha yetu inatuchanganya, mtaani kila filamu tunaiita nailoni, ila nailoni yenyewe kiwandani ni poliamidi, plastiki nyingine kabisa, na inawekwa kama tabaka jembamba katikati ya filamu za PE kwenye paketi za vakyumu za nyama na jibini. Kwa macho huzitofautishi na nailoni zako, ila ukiiviringisha mkononi ina mlio mkali zaidi, kama karatasi. Mashine yako ikikaa kwenye nyuzi 190 au 200 poliamidi ya kawaida hata haiyeyuki, inahitaji kama 220, na PET inataka 250 hivi, kwa hiyo vinapita kama vipande vizima na hayo ndo baadhi ya macho anayoyaona mteja wako kwenye viriba.

Sasa mtego niliokuahidi. PP. Ikiyeyuka pamoja na PE viwango vyao vinakaribiana sana, kwa hiyo uzi unaweza kuwa na PP ya kutosha ndani na bado ukatoka unang'aa hivi unakutabasamia. Na tangi la maji haliwatenganishi pia, zote mbili zinaelea. Mwanga hapo umekunyima, usiulaumu, nenda kapime kwa kuyeyusha polepole, PE ya filamu inayeyuka kwenye 110 hivi na PP inasubiri mpaka 160 na kitu.

Kuna mengine mawili yanakupa weupe wa uongo. Moja ni maji, nailoni haijakauka, mvuke unatengeneza mapovu na povu nalo linatawanya mwanga vizuri tu, ila ukikata uzi uliopoa utaona vitundu. Pili ni ngozi ya papa, uso wa uzi unakwaruzika ukivuta haraka sana au dai ikiwa ya baridi, ndani uko angavu ila nje ni kama msasa. Ukitaka kuitoa hiyo chukua donge la moto kwa glavu, libane kati ya vioo viwili vilivyopashwa moto kwanza (visipopashwa vitapasuka) na waya wa milimita moja katikati, uangalie likiwa bado moto. Hapo uso umelala na unene unaujua, unalinganisha leo na jana bila kubishana.

Na sasa leza. Kwa nini wenzetu wanahangaika na leza wakati jicho lipo? Kwa sababu weupe peke yake unadanganya, na hili nimelipata kwa shida mwenyewe. Kiwanda kimoja cha filamu nilikofanya kazi huko Ghuba walifunga kipimo cha mwanga karibu na dai, taa upande huu, kihisi upande ule, namba inapanda plastiki ikiwa na ukungu. Siku moja tukaongeza kasi ya skrubu, namba ikaruka juu. Msimamizi akapiga kelele material chafu, simamisha, tukamwaga kazi ya nusu siku, na uchafu ulikuwa uleule wa jana! Kilichotokea ni chupa yangu ya mafuta na maji, skrubu ilikatakata matone yakawa madogo na mchanganyiko ulikuwa umekuwa BORA sio mbaya. Namba ilikuwa sawa, msomaji ndo aliikosea.

Kwa hesabu ya haraka uone ukubwa wa jambo lenyewe: tuseme una polistairini asilimia 1 ndani ya PE, na mwanga unapita unene wa milimita 1. Matone yakiwa na upana wa maikromita 20, kama sehemu moja ya tano ya mwanga inapita moja kwa moja bila kugeuzwa. Yakatekate mpaka maikromita 2, asilimia ileile moja, na hakuna mwanga wa kuzungumzia unaopita moja kwa moja. Yaani uzi umetoka kwenye ukungu mwepesi mpaka kwenye maziwa bila kuongeza hata gramu. Kwa hiyo mzee wangu, yale maziwa yako siku nyingine ni foamu imezidi na siku nyingine ni mashine imechanganya vizuri zaidi, na ukiangalia weupe tu huwezi kujua ni ipi.

Pembe ndo inayosema. Tone kubwa linausukuma mwanga mbele tu, linaugeuza kidogo sana, tone dogo linaumwaga kila upande. Ukipitisha leza nyekundu ile ya kawaida (mawimbi ya nanomita 633) halafu ukaweka karatasi mbele utaona duara la mwanga kuzunguka nukta, na tone la maikromita 10 linaweka duara lake la kwanza la giza kwenye nyuzi 4 hivi, tone la maikromita 1 linasambaza mwanga wake kwenye makumi ya nyuzi. Duara likibana, matone yamekua au yameungana. Duara likitanuka, yamekatika. Weupe unakwambia jumla ya fujo, duara linakwambia nani anafanya fujo, na ukiwa na vyote viwili ndo unaweza kusema leo uchafu umezidi au leo skrubu imefanya kazi.

Wewe leza huihitaji bado. Anza na tochi na vioo viwili na daftari, andika kila shehena imetoka godauni gani, na kabla ya kusaga toa foamu kwa mkono. Ukiona uzi mweupe usikimbilie kubadili joto, jiulize kwanza umebadili nini kati ya mzigo na kasi.

SWALI: Sasa mkubwa. Mimi ni opereta wa mashine ya kupuliza filamu hapa Industrial Area, Nairobi. Kwa ile puto, chini karibu na dai iko klia kabisa, alafu ukifika kama nusu mita juu kuna mstari unazunguka na kutoka hapo filamu inakuwa na ukungu. Supavaiza anataka huo mstari ukae mahali pamoja siku nzima. Hiyo pia ni matone yametawanya mwanga?

JIBU: Poa sana. Hapana, hapo hakuna matone, hapo unaona fuwele zinazaliwa mbele ya macho yako, na nadhani ni kitu kizuri kuliko vyote kwenye kiwanda kizima ila watu wanakipita tu wakienda chai.

Chini PE imeyeyuka, angavu. Inapanda, upepo wa pete unaipoza, ikishuka mpaka joto lake la kuganda minyororo inajipanga kuwa vifungu vya fuwele vya ukubwa unaokaribiana na wimbi la mwanga au kuzidi kidogo, na vifungu hivyo vinapinda mwanga tofauti na sehemu isiyojipanga. Mwanga unatawanyika, unaona ukungu. Fuwele zikisukuma sukuma uso wa filamu ukawa na vinundu navyo vinaongeza ukungu, tena kwenye filamu nyembamba uso unachangia sana.

Supavaiza wako ana haki. Mstari ukipanda maana yake filamu inapoa kwa kuchelewa, aidha umeongeza kasi ya kutoa, au upepo umepungua, au joto limepanda, na fuwele zikipata muda zinakua na ukungu unabadilika pamoja na nguvu ya filamu. Ukishuka ni kinyume. Mstari ukiwa umepinda, upande mmoja juu upande mwingine chini, angalia pete ya upepo kama imeziba au dai haina joto sawa, usianze kwa kulaumu material.

Ukitaka kujua jamaa wa maabara wanaifanyaje, kule Amherst, Massachusetts, Richard Stein na mwenzake Rhodes walionyesha mwaka 1960 kwamba ukiweka filamu ya PE kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana ukapitisha mwali, unapata picha ya majani manne kama ua, na ukubwa wa ua unakupa ukubwa wa fuwele, ua dogo fuwele kubwa. Tena kinyumenyume kama kule kwenye matone.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, Dar. Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza fomula ya kupima ukungu wa plastiki iliyoyeyuka. Pili, nimesoma kwamba leza ikipita kwenye mchanganyiko unaotiririka duara halibaki duara, linakuwa mstari, na mstari umekingama na mtiririko badala ya kulala nao. Sielewi kwa nini. Na ni akina nani wamefanya hizi kazi?

JIBU: Fomula ni ileile ya mwanga kufifia, I = I₀ e^(−τL), I₀ mwanga ulioingia, I uliotoka moja kwa moja, L unene, τ ndo ukungu wenyewe kwa kila milimita. Maana yake kwa lugha ya sokoni: milimita ya kwanza ikila nusu ya mwanga, ya pili inakula nusu ya kilichobaki, unabaki na robo. Inafanya kazi mwanga ukitawanyika mara moja tu njiani. Ukitawanyika mara tatu nne kabla haujatoka, namba inaacha kumaanisha kitu, kwa hiyo wanatumia mwanya mwembamba, nusu milimita mpaka moja na kitu, na mchanganyiko wenye kiasi kidogo cha plastiki ya pili. Mchanganyiko wa asilimia 20 kwa 80 ukiupiga leza unapata balbu inayowaka tu, huna habari.

Pili, mstari uliokingama. Hapa wengi wanakwama na mimi nilikwama. Kumbuka kinyume: kitu kikubwa kinageuza mwanga kidogo, kidogo kinaugeuza sana. Tone likivutwa na mtiririko linakuwa refu kama mchele, urefu wake umelala na mtiririko na unene wake umekingama. Upande wa urefu ni mkubwa kwa hiyo mwanga haugeuzwi sana huko, upande wa unene ni mwembamba kwa hiyo mwanga unamwagwa mbali. Matokeo ni mwali mrefu uliokingama. Mstari ukiwa mkali na mrefu tone limevutwa sana, na ukisimamisha mashine ghafla unaona mstari unarudi polepole kuwa duara, tone linajikunja, na muda linaotumia unakupa habari ya ukubwa wake na jinsi plastiki mbili zinavyochukiana pale mpakani. Mimi kwa upande wangu ile kurudi ndo sehemu tamu, sekunde chache tu unaona kitu ambacho darubini ingekutaka ukigandishe, ukikate na ukipake dhahabu kwanza.

Kuhusu tone kukatika au kutokatika, mtu wa kwanza kumsoma ni G. I. Taylor, 1934. Ni vita kati ya mtiririko unaovuta na ngozi ya tone inayotaka libaki mviringo. Halafu Grace, 1982, alionyesha kwamba ukitumia mkwaruzo wa kawaida wa tabaka juu ya tabaka, tone likiwa zito (uzito wa uji, sio wa kilo) kuliko kilicholizunguka kama mara 4 hivi halikatiki kabisa, linazunguka tu kama gololi kwenye uji. Ukitaka kulikata lazima ulivute, ulipitishe kwenye sehemu inayobana. Ndo maana skrubu mbili zenye vipande vya kukandia zinaishinda skrubu moja.

Majina na mahali: msingi wa mwanga wenyewe ni Rayleigh 1871 kwa vitu vidogo sana, na Gustav Mie 1908 kwa tone la ukubwa wowote, yeye alikuwa anataka kueleza rangi za chembe za dhahabu ndani ya maji, hakuwaza plastiki hata siku moja. Kwenye mashine zenyewe tafuta kazi za São Carlos, Brazil, kundi la Canevarolo pale chuo kikuu cha shirikisho, wao walifunga kihisi cha mwanga kwenye dai bapa baada ya skrubu mbili, halafu wanadondosha kwenye hopa (pale plastiki inapoingilia) kiasi kidogo cha plastiki nyingine na kuangalia ukungu unavyopanda na kushuka. Hiyo inakupa vitu viwili kwa mpigo, muda plastiki inaokaa ndani ya mashine na jinsi ilivyokatika. Guimarães, Ureno, chuo kikuu cha Minho, kundi la Covas, hao walitaka kuona njiani na sio mwishoni tu, wakaweka sehemu za kuchukulia na kupimia kando ya bareli (lile bomba skrubu inamozunguka), na nawaunga mkono kwa sababu Scott na Macosko wa Minnesota walishaonyesha miaka ya tisini kwamba mabadiliko makubwa yanatokea mapema, palepale peleti zinapoyeyuka, zinavutwa kuwa shuka nyembamba, shuka linatoboka, linakuwa nyuzi, nyuzi zinakatika kuwa matone. Ukiangalia kwenye dai tu umefika harusini watu wanaosha vyombo. Na Marekani, maabara ya taifa ya vipimo ya NIST kule Gaithersburg ilitengeneza vihisi vya mwanga vinavyoingia kwenye tundu lilelile la nusu inchi la kihisi cha presha.

Ukipata nafasi ya projekti fanya ya kiunganishi, yaani kitu cha kupatanisha plastiki mbili. PP na poliamidi hazipatani, ukizichanganya tupu unapata matone makubwa. Ukitia PP iliyopachikwa anhidridi ya maleiki, ile anhidridi inashikana na ncha za poliamidi pale mpakani, matone yanashuka mpaka maikromita moja au chini yake, na kwenye kihisi unaona hiyo inatokea wakati mashine inazunguka: duara linatanuka. Dondosha kiunganishi kwenye hopa, anza saa, subiri.

SWALI: Nipo Mwanza natengeneza mabomba meusi ya HDPE (polithini ngumu) ya maji. Hii leza itanisaidia?

JIBU: Hapana. Weusi wa bomba ni kaboni, asilimia 2 na kidogo, unameza mwanga wote kabla haujaenda popote. Hata ukipeleka leza ya bei ya gari. Kwako kuna mawimbi ya sauti ya masafa ya juu, yenyewe hayajali rangi, na kuna vitu viwili ambavyo tayari unavyo na huviandiki: presha kabla ya dai na ampea za mota. Viandike kila saa kwa mwezi mmoja kwanza. Nyeupe ya titani nayo ni hivyohivyo kwa wale wa ndoo na viti, ile chembe ya titani kiwango chake ni zaidi ya 2.5, itafunika kila kitu kingine unachotaka kukiona.

SWALI: Shikamoo fundi, mimi ni dada niko Arusha, kaka yangu ana mashine ya kutoa kamba za plastiki na mimi nimesoma elektroniki. Nataka nimtengenezee hicho kipimo, leza ndogo ya kalamu, fotodayodi (kihisi kidogo cha mwanga), bodi ya kusoma namba. Nimepanga kutoboa bareli pande mbili karibu na mwisho nibandike vioo vya dirisha kwa gundi ya moto. Utanishauri nini?

JIBU: Marahaba dada. Nikushauri uweke drili chini.

Pale mwisho wa bareli kuna presha ya baa mia au mia mbili na zaidi, na plastiki ya nyuzi 200. Baa mia ni kama kilo mia zimekalia kila sentimita moja ya mraba. Kioo cha dirisha na gundi kitatoka pale kama risasi na nyuma yake inakuja plastiki inayoganda kwenye ngozi na haibanduki. Na bareli ikishatobolewa imeharibika, ule uso wa ndani ni mgumu umetengenezwa kwa kazi maalumu.

Wazo lako lenyewe ni zuri ila lihamishe. Angalia kama mashine ina tundu la kihisi cha presha, nyingi zina lile la nusu inchi lenye meno ya skrubu, meno 20 kwa inchi. Vinauzwa vihisi vya mwanga vya saizi hiyohiyo, mbele vina kidirisha cha yakuti samawi, hiyo inavumilia joto na presha na haikwaruziki kirahisi. Tundu likiwa moja tu unasoma mwanga unaorudi badala ya unaopita, sio mbaya. Bei sio ya kucheka, kwa hiyo mimi kama mimi ningeanza nje kabisa, kwenye uzi wenyewe baada ya dai ambako presha imeisha: leza upande mmoja, fotodayodi mbili upande wa pili, moja imetazama mwali moja kwa moja na nyingine imekaa pembeni kama nyuzi 10 au 15. Uchukue namba zote mbili, ugawanye moja kwa nyingine. Moja peke yake itayumba kila uzi ukitikisika, uwiano unayumba kidogo. Uzi ni mviringo kwa hiyo wenyewe utapinda mwanga kama lenzi, ukiweza tengeneza kadai kadogo bapa ka majaribio utoe utepe badala ya uzi utaokoa wiki mbili za kuchanganyikiwa. Funika yote na boksi jeusi, weka na miwani ya leza, kalamu zile za bei rahisi mara nyingi zina nguvu kuliko kilichoandikwa ubavuni.

Kitu kingine ambacho hakuna atakayekwambia, kidirisha ukishakiweka ndani kinachafuka. Plastiki iliyogusa ukuta haitembei kama ya katikati, inakaa pale inapikwa inakuwa ya kahawia, na kipimo kinaanza kukuonyesha ukungu unapanda taratibu siku nzima wakati ni kioo tu. Ukiona namba inapanda polepole bila kurudi ni kidirisha, ikiruka na kurudi ni mzigo. Safisha kwa kupitisha PE safi kabla ya kuzima.

Na kabla ya yote muulize kaka yako kamba zake ni za rangi gani. Kama ni zile za bluu na kijani nzito utapata namba za rangi, sio za mchanganyiko, itabidi umwombe siku moja avute kilo tano zisizo na rangi kwa ajili yako.